Njia Aliyoifungua Hatibu

Hatibu Mudathir, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Kayanga, mtu aliyewahi kuendesha lori mpaka Lubumbashi na kurudi bila kukanyaga hata kuku, alijikuta saa tatu asubuhi ya Jumamosi amesimama ndani ya bafu la mtu asiyemjua. Lilikuwa bafu la uani, la mabua na majani makavu ya migomba, na mwenyewe alikuwemo: mzee wa kitambi, kichwa kimejaa povu, macho kayafumba, mkono unapapasa kopo la maji. Hatibu alikuwa na kofia pana ya kitalii, fimbo ya kutembelea, na simu kiganjani. Yule mwanamke wa ndani ya simu, kwa sauti ya mhudumu wa ndege, akatangaza kwamba wamefika mwisho wa njia, akawapa hongera.

"Nani?" mzee akauliza.

Hatibu angeweza kurudi kinyumenyume akapotea. Lakini alilelewa vizuri. "Shikamoo," akasema.

"Marahaba." Mzee akasita. "Unatafuta nini?"

"Njia ya kwenda Bweranyange."

"Hapa ninaogea, waitu, ndugu yangu."

"Naona, mzee wangu."

"Kama unaona, mbona hutoki?"

Ikaja kufahamika kwamba njia ile ilirekodiwa na mpwa wa mzee, aliyetoka matembezini siku ya Pasaka akasahau kuizima simu mpaka alipokwenda kuoga. Nje, Mwalimu Novatus, rafiki yake aliyekuwa akitembea naye, alikuwa amekaa chini ya mgomba anafuta machozi ya kicheko.

"Mswahili," akasema, "mimi nimezaliwa hapa Kanoni. Si ungeniuliza?"

"Nikuulize wewe, na bando nimenunua?"

Mambo yalianza kwa daktari. Alimwambia Hatibu kwamba sukari imepanda na presha imepanda, sasa imebaki yeye mwenyewe kupanda mlima. Miaka ishirini na miwili Hatibu alitembea kwa makalio, kama alivyopenda kusema, yaani amekaa kwenye usukani. Basi binti yake Adija, aliyeolewa Mwanza, akamwekea kwenye simu programu ya bure ya kuongoza watembeaji. Mtu anatembea, simu inachora mstari mwekundu kila anapokanyaga. Akimaliza mstari unarushwa mtandaoni, na mwingine anaweza kuufuata. Ukitembea wakati mmoja na mwenzio, unamwona kama nukta ya buluu inayosogea juu ya mstari. Kwa kuwa ni ya bure, kila baada ya muda tangazo la mkanda wa kupunguza tumbo liliruka katikati ya ramani. Na mtandao ukikatika, vilima, mito na vijiji vyote vilifutika, ukabaki mstari mtupu juu ya weupe, kama mshipa uliochomolewa mwilini.

Baada ya aibu ya bafuni, Hatibu aliapa papo hapo kuchora njia yake mwenyewe, njia safi, ambayo wageni wa dunia nzima wangemshukuru kwayo.

"Tunavuka Kilima cha Kabindi," akamwambia Novatus. "Tunashukia upande wa pili."

"Barabara ipo."

"Barabara ni ya malori. Mimi nimestaafu."

Novatus hakucheka. Hatibu alidhani amechoka.

Juu ya kilima, mahali ambapo njia ya zamani ya ng'ombe ilikuwa imebaki kama kovu kwenye majani, Hatibu aliingiza mguu kwenye kitu akaanguka kifudifudi, kilo zake zote tisini na nne. Alipoinuka akaona. Majani marefu ya upande huu yalikuwa yamevutwa yakakutana na ya upande ule, yakafungwa fundo katikati ya njia, kimo cha ugoko. Fundo lilikuwa bichi, la msimu huu. Mbele kidogo kulikuwa na jingine.

"Watu hawana huruma," Hatibu akasema. "Angekuwa mzungu wa watu hapa, si angevunjika mguu?"

Akapiga magoti, akalifungua. Akaenda la pili, akalifungua. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Hata barabarani zamani alikuwa akisimamisha lori kuondoa mawe ambayo madereva wengine walikuwa wameyaacha.

"Hatibu," Novatus akaita nyuma yake, kwa sauti ndogo. "Achana nayo."

"Kwa nini?"

Novatus alifundisha sayansi darasa la sita na la saba. Kila mwaka aliwaambia watoto kwamba radi ni umeme na mzimu ni uoga. Akatazama pembeni. "Basi tu," akasema.

"Basi tu si sababu, Mwalimu."

Mafundo yalikuwa saba. La mwisho lilikuwa mbele ya rundo la mawe yaliyoota kuvu. Hatibu alilifungua, akaandika kwenye simu, *vikwazo vimeondolewa, karibuni nyote*, akakaa juu ya mawe yale kula chapati. Ndipo upepo wa kilimani ukakatika kana kwamba mtu amefunga mlango. Ikaja harufu ya ng'ombe aliyelowa, kali, ya karibu, na hakukuwa na ng'ombe hata mmoja mpaka upeo wa macho. Novatus alikataa chapati.

Hawakuendelea upande wa pili; walirudi kwa njia ile ile mpaka barabarani, wakapanda pikipiki. Hatibu, mwenye kumcheka mpwa wa watu, alisahau kuizima simu. Jioni, mkewe Kauthar aliiokota juu ya mto wake, akautazama ule mstari mwekundu ulioshuka kutoka kilimani, ukafuata barabara mpaka Kayanga, ukapita dukani, ukaingia nyumbani, chooni, na kukoma pale pale kitandani.

"Baba Adija, hata chooni umejirekodi?"

"Dunia ina haki ya kujua."

Kauthar alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha, kwa kidole chake, akabonyeza kuzima. Njia ikaishia kwenye mto wake.

Jumapili asubuhi simu ilikuwa kwenye chaji juu ya kabati, haijaguswa, na ilionyesha kwamba mtu mwingine yupo kwenye njia. Nukta ya buluu ilikuwa imeanza kwenye mawe ya Kabindi tangu alfajiri, inashuka taratibu, kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Hatibu alifurahi. Akamwita mkewe aje aone mtalii wao wa kwanza.

Saa saba kasoro dakika tano mchana nukta ilikuwa Kayanga. Kauthar alikuwa uani anaosha vikombe. Ile harufu iliingia kwanza, ya ngozi mbichi na mkojo wa ng'ombe, ikajaa ukumbi. Kisha fimbo ikasikika ikiburuzwa juu ya sakafu ya saruji, kutoka mlango wa mbele, kupitia ukumbini, kwenda uani. Hatibu aligeuza shingo kuifuata sauti. Hakuona kitu.

Mfupa wa mkono wa Kauthar ulilia kama bua la mhindi. Hakuwa ameanguka wala kujigonga. Mkono wake wa kulia ulikuwa umenyooka mbele yake, umeshika kikombe, na kifundo kikapinda chini mbele ya macho ya mumewe, mfupa ukatoboa ngozi, damu ikaruka kwenye povu la sabuni. Alipiga yowe moja tu. La pili alilimeza, akamtazama Hatibu kwa mshangao, kama mtu aliyepigwa na nduguye.

Hospitali walimshona, wakamfunga plasta, wakauliza alianguka wapi. Hatibu akasema bafuni. Ni uongo uliomjia haraka.

Jumatatu nukta ilishuka tena. Hatibu alikuwa amefuta ile njia kwenye simu. Ilirudi. Akaifuta programu yenyewe. Saa sita simu ikalia yenyewe, ramani ikafunguka, tangazo la mkanda wa tumbo likapita, na nukta ikaonekana imeshafika mjini. Alikuwa amemwita imamu, mtu mpole mwenye ndevu za hina, ambaye alikuwa akisoma kando ya kitanda kwa sauti tulivu harufu ilipoingia. Safari hii Hatibu alisimama mlangoni mwa chumba amepanua mikono. Kitu kizito kama fahali kilimpiga kifuani, kikamrusha mpaka kabatini, kioo kikapasukia mgongoni mwake. Na akiwa pale chini, pumzi imemtoka, alisikia fimbo ikipaa hewani na kushuka, na goti la mkewe likageuka upande ambao goti haligeuki. Imamu aliendelea kusoma huku damu inamtoka puani, hakukimbia, mpaka mkono usioonekana ulipomshika kanzu ukamtoa nje kupitia dirishani.

"Hatibu," imamu akasema baadaye, ameshika bega lililochomoka. "Kisomo humfukuza aliyevamia. Huyu hajavamia. Amefunguliwa njia mpaka kitandani, amekaribishwa. Nani alimkaribisha?"

Hatibu alikumbuka alichokiandika kwenye simu, *karibuni nyote*.

Jumanne asubuhi alikuja Jovitha, mganga wa mifupa aliyeitwa kutoka Isingiro, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, Mlutheri, mkavu wa maneno, aliyeendesha pikipiki yake mwenyewe akiwa amefunga mkoba wa dawa kwa mpira wa tairi. Alimkuta Kauthar amelala, uso umepauka, midomo imekauka, lakini bado anaweza kutania.

"Dada, niunge vizuri," Kauthar akanong'ona. "Baba Adija ameniharibia umbo."

Jovitha alipapasa mkono juu ya plasta, kisha goti, kwa vidole viwili, amefumba macho. Alipomaliza alimvuta Hatibu ukumbini.

"Baba, mkeo hakuanguka bafuni."

"Hapana."

"Hizi ni fimbo. Ya mkono alipiga mtu mfupi. Ya goti alipiga mwingine, mrefu. Watu wawili."

"Hapakuwa na mtu, Mama."

"Najua hapakuwa na mtu. Nakwambia nani alipiga." Akanyoosha kiganja. "Nionyeshe ulikokuwa."

Hatibu alimpa simu. Jovitha aliutazama mstari kwa muda mrefu. Nukta ilikuwa imeshapita Kanoni.

"Hicho ninyi huku mjini mtakiita jini," akasema. "Kwetu ni mzimu wa mtu aliyekufa vibaya. Huyu anarudia alichofanyiwa. Leo atapiga tena. Nani mwingine ulikuwa naye kule?"

Novatus aliitwa. Alikuja mbio kutoka shuleni, chaki bado ipo vidoleni, akasimama kando ya mlango wa chumba cha mgonjwa kama mwanafunzi aliyechelewa. Hakuna aliyemuuliza kitu, kwa sababu ilikuwa saa saba kasoro, na wote wanne walikuwa wanaitazama ile nukta.

Ikapita sokoni, ikapita duka la Hatibu lililofungwa, ikakata kona ya uchochoro mwembamba ambako Hatibu mwenyewe alisimama siku ile kumsalimia fundi cherehani, ikasimama kwa muda ule ule aliosimama yeye, ikaendelea, na kadiri ilivyokaribia ndivyo kuku wa uani walivyonyamaza mmoja mmoja, na redio ya jirani ikaanza kukwaruza, na harufu ikaja kabla ya hatua, na hatua zikaja kabla ya fimbo, na Hatibu akajilaza juu ya mkewe amfunike kwa kilo zake zote tisini na nne, akishika vyuma vya kitanda, akimwambia nipige mimi, nipige mimi, mimi ndiye niliyefungua. Na fimbo ikapaa, na ikapita ndani ya mgongo wake kama maji ya barafu bila kumvunja hata ukucha, na chini ya kifua chake taya la Kauthar likapasuka.

Alihisi meno ya mkewe yakimwangukia shingoni, ya moto, mawili.

Kisha mdomo ule ule uliovunjika, unaovuja damu na mate, ukasema. Haikuwa sauti ya Kauthar, na kilikuwa Kinyambo cha wachunga ng'ombe wa zamani, ambacho Kauthar hakukijua zaidi ya salamu. Jovitha ndiye aliyemtafsiria Hatibu, kwa kunong'ona. *Ng'ombe ni wangu. Nilimnunua. Ng'ombe ni wangu.*

Novatus alifuta chaki ya vidoleni kwenye suruali.

"Anaitwa Mwesiga," akasema. "Alikuwa mchuuzi wa ng'ombe. Miaka hamsini iliyopita alipita pale kwetu na ng'ombe mweusi mwenye baka jeupe, watu wakasema ni wa wizi. Saa saba mchana. Walianza na mkono aliokuwa ameshikia kamba. Kisha goti, asikimbie. Kisha taya, aache kujitetea."

"Kisha?" Jovitha akauliza.

"Shingo."

Pumzi ya Kauthar ilikuwa inakoroma kupitia damu.

"Walimzika kule juu chini ya mawe. Wakaifunga njia kwa mafundo saba asije akarudi kijijini. Majani yakiungua au yakioza, kila baada ya masika, mtu anapanda kuyafunga upya. Baba yangu."

"Na wewe ulikuwepo nilipofungua," Hatibu akasema.

"Nilikuwepo."

"Ukasema basi tu."

"Mimi ni mwalimu wa sayansi, Hatibu. Ningesema nini?"

Jovitha alikuwa tayari anafunga taya la Kauthar kwa kitambaa.

"Kesho ni shingo," akasema bila kuinua kichwa. "Aliyefunga ndiye afunge tena. Na safari hii aseme mbele ya mwenyewe kwa nini alifunga. Asiposema, mafundo yale ni majani tu, yatakatika. Mimi nabaki na mgonjwa. Nendeni."

Mzee Anastazi, baba yake Novatus, alikuwa na miaka themanini na mmoja na miti mia tatu ya kahawa aliyoipanda kwa mkono wake. Waliikuta nyumba yake jioni ile, migomba imeizunguka mpaka mlangoni. Alipokea shikamoo ya Hatibu, akasikiliza, akasema, "Sina la kusema kwa Mswahili," akajifunika blanketi. Novatus alilia, akamvuta miguu, akamwambia habari za mkono, za goti, za taya. Mzee akageukia ukutani. Usiku wote Hatibu alikaa pale kizingitini, anahesabu saa. Alfajiri, simu ilipotetemeka na nukta ikaonekana juu ya mawe, mzee alisema kutoka ndani ya blanketi:

"Taya lipi?"

"La kushoto, mzee."

Kisha Anastazi akainuka, akaomba kofia yake.

"Mkono alipiga Bwana Kato, goti na taya kaka yake," akasema, kama anasoma orodha ya wanakwaya. "Wote wamekufa vitandani mwao. Shingo ilikuwa yangu."

Walimpandisha kwa pikipiki mpaka njia ilipokwisha, kisha, kwa kuwa muda haukungoja miguu ya mzee, Novatus akambeba mgongoni. Ukungu ulikuwa umekalia kilima kizima. Mtandao ulikatika; ramani ikafutika, ukabaki mstari mwekundu na ile nukta, ambayo haikuhitaji mtandao wa mtu yeyote, inashuka kuwaelekea. Walifika mahali pa fundo la kwanza, lile lililomwangusha Hatibu, na mzee akawekwa chini. Akavuta majani ya huku na ya huku kwa vidole vilivyopinda, akafunga.

"Anakuja," Hatibu akasema. Mita mia mbili. Mita mia.

"Baba, sema," Novatus akamsihi.

"Nilifunga kwa sababu tulikosea," mzee akasema kuuambia ukungu.

Fundo lilikatika kama uzi. Novatus alirushwa chini ya mteremko, akabiringika, jiwe likampasua paji la uso. Harufu ya ng'ombe aliyelowa ikawafunika. Hatibu alimshika mzee kwapani, akamrudisha nyuma hatua kumi, na mzee akafunga la pili, akasema, "Tulimdhania mwizi." Likakatika, na fimbo ikamshukia Hatibu begani, halisi safari hii, akasikia mtulinga wake ukivunjika, akaona nyota, hakumwachia mzee, akamburuta nyuma, la tatu likafungwa na kukatika, na la nne, na la tano, kila moja na nusu ya ukweli wake, wengine walichochea, nilikuwa kijana, tulikuwa tumekunywa pombe ya rubisi, na kila nusu ya ukweli ililipwa kwa pigo, mbavu za Hatibu, sikio lake, mdomo wake, mpaka alikuwa anameza damu kama uji na haoni kwa jicho moja, na bado akawa anatambaa kinyumenyume na mzee yule kifuani mwake, kwa sababu nyuma yao, mwisho wa ule mstari, kulikuwa na mto wa kitanda, na juu ya mto kulikuwa na shingo ya Kauthar.

"Mzee wangu," akamwambia sikioni. "Nakuomba. Mke wangu hajawahi kumwona ng'ombe huyo."

Anastazi aliacha kuhangaika. Akajitoa mikononi mwa Hatibu, akasimama peke yake katikati ya njia, akavua kofia.

"Mwesiga," akasema. "Ng'ombe alikuwa wako. Wangu aliyepotea, niliyedhani umemwiba, nilimkuta baada ya siku tatu, hai, amenasa matopeni kule bondeni. Nikamchinja usiku, nikamfukia na ngozi yake, asije mtu akamwona. Nimekuwa nikijua miaka hamsini. Nilifunga njia ili usije ukadai."

Upepo ulirudi. Ukungu ukapasuka kidogo, na Hatibu, kwa lile jicho moja, akamwona: mtu mwembamba wa makamo, kaptula ya kaki, mkono wa kulia unaning'inia, goti limegeukia nyuma, taya limelala kifuani, na kichwa kimeegemea bega kama cha mtoto aliyesinzia. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na fimbo. Alimtazama Anastazi kwa muda mrefu sana, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina.

Kisha akaanza na mkono. Alivunja bila haraka. Mkono, na mzee hakupiga kelele. Goti, na mzee akaanguka, akajiinua kwa lile jingine. Taya. Novatus alikuwa anapanda mteremko kwa magoti, uso wote damu, anaita baba, baba, na Hatibu alijaribu kusogea na mwili haukumsikia. La mwisho lilisikika kilima kizima, kavu, kama tawi la mti wa kahawa linapokatwa.

Ukungu ulipokwisha hapakuwa na mtu amesimama. Majani ya pande mbili yalikuwa yamelala, yameachia njia wazi mpaka kwenye mawe. Kwenye simu mstari ulikuwepo, bila nukta.

Ilikuwa saa tatu na nusu. Hatibu na Novatus walikaa kando ya maiti mpaka watu wa Kanoni walipokuja na machela. Saa saba mchana Hatibu alikuwa ameshikilia simu kwa mkono wake mzima. Ikapita dakika tano. Kumi. Ndipo Jovitha akapiga.

"Amelala," akasema. "Shingo yake nzima. Kabla hajalala ameniandikia kwenye karatasi, kwa mkono wa kushoto, kwamba anataka uji."

Hatibu alilia mbele ya watu, na mbavu zikamuuma kwa kulia.

Mazishi ya mzee yalikuwa Ijumaa. Watu walijaa kwenye kibanja chake, chini ya migomba, mpaka barabarani, kwaya mbili zilikuja, na kamati ilitaka wasifu wa marehemu usomwe kabla ya sala. Novatus, kichwa kimefungwa bandeji, hakuweza kushika kalamu. Hatibu ndiye aliyeandika, mkono mmoja umefungwa shingoni, kwa hati yake nzuri ya kuandikia risiti. Aliandika mwaka wa kuzaliwa, ubatizo, ndoa, watoto saba, miti mia tatu ya kahawa, uzee wa kanisa miaka thelathini. Akafika mahali pa sababu ya kifo, kalamu ikasimama. Waombolezaji wa karibu walikuwa wanasikiliza. Aliona aibu kwa ajili ya rafiki yake, na moyo wake, kama kawaida, ukatafuta namna ya kumwondolea jiwe njiani.

"Mwalimu," akanong'ona. "Niandike presha?"

"Andika aliua mtu," Novatus akasema.